Mtihani wa Ulaya Kwenye Mashine Yangu ya Kusaga

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije akafika katikati ya habari hii akaanza kuniuliza vyeti. Nina mashine ya kusaga hapa kijijini Daudi, nina shamba la vitunguu saumu, na kule Basotu nakodi shamba la ngano kila mwaka ambao mvua inakubali. Vyote nimevipata kwa mikono hii na kwa kutokubali kudanganywa. Lakini leo sitaki kusimulia ngano wala vitunguu. Nataka kusimulia jinsi nilivyosoma sheria za Umoja wa Ulaya.

Msicheke. Nimezisoma. Sikuzisoma kwa macho, nilizisoma kwa masikio, nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kigoda. Mguu wenyewe ulikuwa umenyooshwa kwa sababu niliteleza kwenye trela kule Basotu, goti likavimba likawa kama boga. Daktari akaniambia nikae. Kwa mtu kama mimi kukaa ndiyo ugonjwa wenyewe, lakini nilikaa.

Wakati huohuo akaja binti yangu wa mwisho. Yeye ni mwanasheria wa halmashauri katika mkoa wa mbali, mtu anayevaa koti na kuitwa mheshimiwa na watu wakubwa kuliko baba yake. Alichukua likizo akaja nyumbani, eti kuna utulivu. Hakujua kwamba goti langu lilishatangulia.

Nilijua anasoma shahada ya pili. Chuo kiko Ulaya, yeye yuko hapahapa Tanzania, wanaonana kwenye kompyuta. Alipoanza kusoma nilimuuliza, "Sasa mwalimu akitaka kukuchapa anafanyaje?"

"Huko hawachapi, baba."

"Haya. Tutaona."

Tukaona. Masomo mengine yote alifaulu, akafeli moja: sheria na vyombo vya Umoja wa Ulaya. Somo hilo mtihani wake ni wa mdomo. Unakaa mbele ya kompyuta, watahini wanauliza, unajibu. Binti yangu alijibu kwa kasi mno, maneno yakapandana kama mbuzi wanaotoka zizini, na wale watahini wakasema hawakumwelewa. Wakampa nafasi moja ya mwisho. Akifeli tena, wanamtoa kwenye masomo yote, na yale aliyofaulu yanapotea pamoja na hilo moja. Hakuniambia mimi. Alimwambia mama yake jikoni, na mama yake ni mtu ambaye akinong'ona anasikika mpaka barabarani.

Asubuhi ya kwanza nilimwona anazunguka uani amevaa sweta la mama yake, anasema peke yake kwa Kiingereza, kuku wanamkwepa.

"Unamwambia nani hayo?" nikamuuliza.

"Najizoeza kusema, baba."

"Basi niambie mimi. Kuku hawana maswali."

"Ni mambo ya Ulaya, baba. Yatakuchosha."

"Kimenichosha kiti. Leta."

Ndivyo nilivyoanza shule upya. Yeye alisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya gunia la mbolea. Na nawaambia, alijua kusimulia. Alisema nchi zile zilipigana mpaka zikachoka, halafu zikaamua kuweka makaa ya mawe na chuma mahali pamoja, chini ya usimamizi mmoja, ili nchi yoyote isitengeneze silaha bila nyingine kujua. Hilo nililielewa hapohapo. Hapa kwetu majirani tunachunga ng'ombe kwa zamu. Leo wewe unachunga wako na wangu, kesho mimi nachunga wangu na wako. Huwezi kumwombea mabaya mtu ambaye ng'ombe wako yuko mikononi mwake.

"Vizuri sana, baba," akasema, kama mwalimu wa chekechea.

"Usinisifu. Endelea."

Akaja kwenye vyombo. Kuna Tume. Kila nchi inatoa mtu mmoja, lakini akishaingia kwenye Tume anaapa kwamba hatatetea nchi yake, atatetea Umoja mzima.

"Na anaapa kweli?"

"Anaapa mbele ya majaji."

"Mimi nimewahi kuona mjumbe wa kamati ya maji aliyeapa hapa. Bomba lilipita kwake kwanza."

Kuna Baraza la mawaziri wa zile nchi. Kuna baraza lingine la wakuu wa nchi wenyewe. Halafu kuna baraza la tatu ambalo si la Umoja kabisa, lina nchi nyingi zaidi na mahakama yake ya haki za binadamu, na wanafunzi wote duniani wanalichanganya na yale mawili. Nilimuuliza kama watu hawa waliishiwa majina. Akasema hata maprofesa wanalalamika.

Kuna Bunge. Bunge lina mji mmoja wa kukutania rasmi na mji mwingine wa kufanyia kazi nyingine, na kila mwezi wabunge wanahama na masanduku yao ya makaratasi, halafu wanarudi.

"Hao ni Wadatoga," nikasema. "Ila Mdatoga anahama kwa sababu ya majani. Hawa majani yao ni nini?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi, kwa sababu tangu afike alikuwa hajacheka.

Tukagombana kwenye jambo moja tu, na tuligombana kweli. Alisema kule Bunge halianzishi sheria. Linajadili, linarekebisha, linapitisha pamoja na mawaziri, lakini wa kuleta muswada ni Tume.

"Haiwezekani," nikasema.

"Ndivyo ilivyo, baba."

"Hao wa Tume wamechaguliwa na nani? Wananchi wamewapigia kura?"

"Hapana. Wanapendekezwa na serikali, Bunge linawathibitisha."

"Basi aliyechaguliwa anakaa anasubiri kuletewa sheria na ambaye hakuchaguliwa? Hapana. Hapo umesoma vibaya."

"Baba, nimeisoma mara nyingi."

"Soma tena."

Mama yao akatoka jikoni na mwiko. "Mnagombana nini nyie?"

"Bunge la Ulaya," nikasema.

"Limewafanya nini?"

Akarudi jikoni. Lakini mimi sikukubali. Jioni aliniambia tena, kesho yake akaniambia tena, nami kila mara nilimwambia kwamba hapa kwetu jambo linaletwa kwenye kikao na mtu waliyemkubali majirani, si mtu aliyeteuliwa na wakubwa. Mwishowe akasema, "Sawa baba, wewe baki na Ulaya yako."

Kesi ndizo nilizozipenda. Kuna bwana mmoja wa kule aliyekataa kulipa bili ya umeme, bili ndogo tu, kwa sababu serikali yake ilitaifisha makampuni ya umeme na yeye hakupendezwa. Kesi ikafika mpaka kwa majaji wa Umoja, na hapo ndipo waliposema sheria ya Umoja iko juu ya sheria ya nchi moja moja. Nilimwambia binti yangu huyo bwana angekuwa hapa Daudi ningemnunulia soda. Kuna na ya pombe ya matunda. Nchi moja ilikataa isiuzwe kwake kwa sababu ukali wake ulikuwa mdogo mno.

"Mdogo?" nikauliza. "Waliikataa kwa sababu hailevyi?"

"Ndiyo, baba. Majaji wakasema kama inauzwa kihalali nchi ilikotoka, lazima iruhusiwe na kwingine."

"Hapo majaji wamekosea. Pombe isiyolevya ni udanganyifu."

"Nitawaambia watahini hivyo."

"Waambie. Sema baba yangu amesema."

Jambo lililonikalisha kimya lilikuwa la polisi. Nilimuuliza nchi ikikataa hukumu, nani anakwenda kuikamata. Akasema hakuna. Mahakama ile haina askari hata mmoja. Inaweza kutoza faini, lakini nguvu yake kubwa ni kwamba mahakimu wa kila nchi, kule vijijini na mijini kwao, wanaitumia sheria ile kama yao. Wakiacha, imekwisha. Nilikaa na hilo mchana kutwa. Sisi Wairaqw tulikaa miaka mingi bila askari. Mtu akikosea na akakataa kukaa na wazee, hakupigwa. Aliachwa. Hakuna anayemwomba moto, hakuna anayemsalimu, hakuna anayemsaidia kulima. Nimeona dume la mtu limerudi likilia kwa sababu hiyo. Nilidhani Wazungu kila kitu chao ni bunduki na kalamu. Kumbe na wao wanaishi kwa kuitikiana.

Sasa tuje kwenye kasi yake, maana ndiyo iliyomwangusha. Niliona kosa siku ya kwanza. Alisema kama mtu anayekimbia mvua. Nikamwambia, "Wewe umezaliwa hapa, umesahau wazee wanavyosema?" Kwetu kikao kikiisha mzee anasimama kutoa baraka. Anasema sentensi moja, anatulia. Watu wote wanaitikia kwa sauti moja ya chini, hmmm, kama mzinga wa nyuki. Anasema nyingine, anatulia, wanaitikia. Yeye hawezi kukimbia, kwa sababu anawasubiri wao, na wao wasipoitikia anajua amesema ovyo.

"Fanya hivyo," nikamwambia. "Sema moja. Tulia. Tukikuitikia, ongeza."

Mwanzoni aliona ni mchezo. Kisha akaanza kuzoea. Alisema sentensi, mimi hmmm. Alisema nyingine, mama yake kutoka jikoni hmmm, bila kujua kinachosemwa. Siku za mwisho alisema yote kwa Kiingereza, polepole, na tuliitikia vilevile, kwa sababu sauti ya sentensi iliyokamilika unaijua hata ukiwa huijui lugha. Maneno yake yakakaa. Hata yeye alishangaa.

Likabaki suala la mahali. Nyumbani kwangu mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Kwenye mashine yangu ya kusaga, juu ya kilima, mnara wa simu unauona kwa macho, na mtandao ni mzuri. Nikatoa amri: asubuhi ya mtihani mashine haiwaki mpaka binti amalize. Tukafagia unga, tukaweka meza karibu na mizani, akaweka kompyuta yake.

"Sharti lao ni moja, baba," akaniambia. "Lazima niwe peke yangu chumbani."

"Utakuwa peke yako. Mimi nitakaa nje."

"Nje wapi?"

"Nje ni nje."

Watu nao walikuja. Umeme ulikuwa umekatika jana yake, unga umeisha majumbani, na wengine, nasema ukweli, walikuja kusikiliza. Wazee na mablanketi yao, akina mama na magunia, punda wamefungwa kwenye mti. Alikuwepo na nesi wa zahanati, mgeni wetu kutoka Tanga, mama wa Kiislamu mpole anayevaa masweta mawili na ushungi juu yake na bado anatuuliza kama baridi hii itaisha. Alikuwa na debe lake la mahindi. Kiingereza anakijua, basi tukamkalisha kwenye benchi chini ya dirisha, karibu nami, awe anatunong'oneza.

Mtihani ukaanza. Tukasikia sauti ya mwanamume na sauti ya mwanamke kwenye kompyuta. Wakauliza. Binti yangu akavuta pumzi, nilimsikia, akasema sentensi moja. Nzuri, pana, imekaa. Akatulia.

Sasa mimi niulizeni. Ningefanya nini? Mtoto wangu amesema neno zito, ametulia kama nilivyomfundisha, na kule ndani kwenye kompyuta kimya. Hakuna anayemwitikia. Kwetu kimya cha namna hiyo ni laana. Mdomo wangu ulifanya hmmm wenyewe. Na mzee akishaitikia, watu hawakai wanamtazama. Kilima kizima kikaitikia, hmmmm, hata akina mama waliokuwa wanapembua mahindi.

Binti akaendelea. Nadhani alisahau alipo. Sentensi ya pili, akatulia, tukaitikia. Ya tatu. Ilikuwa inapendeza. Halafu yule mwanamume akasema kitu kwa sauti kali.

Nesi akashika mdomo. "Mzee, wanauliza nani yuko naye."

"Waambie hakuna."

"Mzee wangu, mimi sijaulizwa."

Binti yangu akajibu kwamba ni baba yake na wateja, wako nje. Mwanamume akasema, na nesi akatunong'oneza kidogo kidogo huku uso umembadilika, kwamba sheria ya mtihani inakataza sauti za watu wengine, kwamba hawezi kujua kama ile ni ishara ya kumwambia amepatia au amekosea, na kwamba anasimamisha mtihani na ataandika taarifa.

Niliinuka nikasahau goti. Goti likanikumbusha, nikakaa. Ile nafasi ya mwisho ilikuwa inaondoka mbele yangu, na nesi alikuwa ananitazama kama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

Nilitegemea mtoto aanze kumwaga maneno kama zamani. Hakumwaga. Akasema sentensi moja, polepole. Nesi akatutafsiria: "Amesema, kabla hamjaamua jambo dhidi yangu, nina haki ya kusikilizwa, na hiyo ni kanuni ya sheria hiihii mnayonitahini."

Hiyo ndiyo sentensi iliyostahili kuitikiwa kuliko zote, na hakuna aliyethubutu. Mzee mmoja alijiziba mdomo na blanketi.

Yule mwanamke akasema, "Sema, tunakusikiliza."

Binti akafungua dirisha, akageuza kompyuta ituelekee. Nikawaona: mwanamke wa mvi nyeupe, mwanamume mwenye miwani, nyuma yao vitabu tele. Na wao wakatuona sisi, magunia, punda, na mimi mbele nimenyoosha mguu. Sikuvua kofia. Nilikuwa kwangu.

Mwanamume akauliza, "Kati ya watu hao, yupo anayejua sheria za Umoja?"

Binti yangu angesema hapana, mambo yangekwisha hapo. Nani angembishia? Alinitazama, akawatazama wao, akasema, "Yupo mmoja. Baba yangu. Nimekuwa nikimfundisha."

Nilijinyoosha. Nilijisikia vizuri sana mpaka nilipomwona nesi ameshika kichwa.

Wakataka kuniuliza, nesi atafsiri, binti anyamaze. Nesi akajitambulisha kwa heshima zote za kwao, akazunguka akasimama dirishani. Mwanamume akauliza, "Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa naitikia."

"Maana yake nini?"

"Maana yake tumesikia, endelea. Nyie mtu akisema neno zito mnamnyamazia? Huyu mtoto mara ya kwanza mlimnyamazia akawa anakimbia kama amefukuzwa. Mtu anakimbia kwa sababu haitikiwi."

Nesi alitafsiri. Naamini alipunguza ukali, kwa sababu maneno yake yalikuwa marefu kuliko yangu na alikuwa anatabasamu.

Ndipo yule mwanamke akainama mbele. "Mzee, nami nikuulize. Katika Umoja, nani huleta muswada wa sheria?"

Jamani. Swali lenyewe hilo. Nilimtazama binti yangu, naye akatazama sakafu. Nilikumbuka vizuri alichoniambia. Alikisema uani, alikisema mezani, alikisema mpaka akachoka. Lakini kuna kukumbuka na kuna kukubali.

"Bunge," nikasema.

Nesi akageuka. "Mzee, una hakika?"

"Tafsiri."

"Mzee, mimi mwenyewe nilikusikia wiki iliyopita zahanati unalalamika..."

"Mama, tafsiri. Bunge, kwa sababu ndilo lililochaguliwa na watu. Na kama wao wanafanya vingine, warekebishe."

Akatafsiri. Kisha yule mwanamke akacheka, akacheka mpaka akafuta macho. Mwanamume hakucheka. Alitazama karatasi zake, akasema, na nesi akatuletea: "Ni dhahiri kwamba mzee hakuwa akimpa majibu."

Kilima kikaangua kicheko. "Mzee amefeli! Mzee wa Ulaya amefeli!" Niliwaambia kwamba mimi sikuandikishwa kufanya mtihani, na kwamba anayetaka kusagiwa siku hiyo achunge mdomo. Yule mama wa mvi aliongeza kwamba hata kwao wapo wengi wanaofikiri kama mimi. Hilo hakuna aliyelikumbuka baadaye, ila mimi.

Wakaruhusu mtihani uendelee, kwa sharti kwamba sote twende mbali tusisikike. Basi tukahama, punda na magunia, mpaka ng'ambo ya barabara. Nesi alinishika mkono kwa upande wa goti bovu. Nikaketi juu ya jiwe natazama dirisha langu mwenyewe likifungwa.

Kusubiri kule sikukupenda. Karibu na sauti yake nilikuwa na kazi. Kule kwenye jiwe sikuwa na kazi yoyote. Niliwaza kwamba anasema sentensi, anatulia, na hakuna mtu. Mama yao akaja na birika la chai, na kabla sijafungua mdomo akina mama walikuwa wameshamsimulia yote, kwa vitendo.

"Mume wangu," akasema, "ulishindwa hata kusema Tume?"

"Ningesema Tume wangejua najua, wangefuta mtihani."

"Kwa hiyo ulikosea makusudi?"

"Sikukosea."

"Ulikosea makusudi au hukukosea? Chagua moja."

Nesi alimwagikiwa na chai kwenye sweta la juu kwa kucheka. Nikanywa yangu.

Binti alipotoka alikuwa mweupe kwa unga kwenye kiwiko na uso umechoka. Hakujua kama amefaulu. Walimwambia majibu yatakuja baada ya siku kadhaa. Alimwamkia kila mzee shikamoo, mmoja mmoja, wakamwitikia marahaba, kisha akawasha mashine mwenyewe kama alivyokuwa akifanya akiwa msichana, na watu wakasagiwa.

Siku zile alikaa nasi shambani kufunga vitunguu saumu mafungu. Hakusema mambo ya Ulaya, nami sikumuuliza. Jioni moja tu aliniuliza, "Baba, wakinitoa, utasema nini kule kwenye mashine?"

"Nitasema wamekosea."

"Kama ya pombe?"

"Kama ya pombe."

Akatabasamu kidogo, akashika fungu lingine. Niliona mikono yake inakaza kamba kuliko inavyohitajika. Nilitaka kumwambia kwamba kwangu mimi alishafaulu pale alipokataa kusema uongo dirishani, wakati uongo ungemsaidia. Lakini sisi hatusemi mambo hayo mbele ya vitunguu, na nilihofia atadhani nimeshamkatia tamaa. Nikamwambia tu kamba isikazwe, kitunguu kinataka hewa.

Majibu yalikuja Jumapili, tumetoka kanisani, tumesimama nje na nguo nzuri. Simu yake ililia ndani ya mkoba. Akaitoa, akaitazama, hakuifungua.

"Fungua," nikasema.

"Subiri kidogo, baba."

"Fungua, mheshimiwa. Haitabadilika kwa kutazamwa."

"Mwache mtoto," mama yake akasema, na yeye mwenyewe alikuwa amenishika koti kwa nguvu.

Akafungua. Alisoma taratibu, midomo inacheza. Nami nilikuwa natazama uso wake kama ninavyotazama wingu kule Basotu, nisijue kama limebeba au limepita. Kisha mkono wake ukashuka na simu, akasema, "Nimefaulu." Akasema alama, si alama za juu, za katikati tu, na akaanza kueleza kwamba swali moja la mwisho hakulijibu vizuri, akaeleza kwa kasi ileile ya zamani, maneno yamepandana, hakuna aliyemwelewa na hakuna aliyejali.

Alimkimbilia mama yake kwanza. Walishikana pale, wote wawili wanalia na kucheka, watu wa kanisani wanapita wanauliza kuna nini, kuna msiba? Nikawaambia hakuna msiba, ni sheria. Nikasimama pembeni na goti langu, nikasubiri zamu yangu.